Kubadilisha Ukubwa wa Sekta kwenye Diski ya SSD katika Linux

Amri inayobadilisha ukubwa wa sekta kwenye diski ya SSD (diski inayohifadhi data katika chipu badala ya sahani za sumaku) ni fupi, na katika diski nyingi hukamilika ndani ya sekunde chache. Kazi kubwa iko kabla na baada ya amri hiyo: kujua kama diski yako inaruhusu badiliko hilo, kuhamisha data zote, kisha kujenga upya jedwali la patisheni (sehemu ambazo diski hugawanywa), mifumo ya faili na utaratibu wa kuwasha kompyuta juu ya kipimo kipya. Kwa sababu hiyo wakati mzuri wa kulifanya ni siku diski mpya inapofungwa kwenye kompyuta, kabla hujasakinisha chochote. Mwenye mfumo unaofanya kazi tayari na asome kwanza maelezo ya faida yaliyo hapa chini, kwa maana huenda akaamua kuacha mambo yalivyo.

Sekta inayozungumziwa ni ipi

Sekta ni kipande kidogo kabisa ambacho kompyuta inaweza kukiomba diski ikisome au ikiandike. Kwa miongo mingi kipande hicho kilikuwa na baiti 512, na programu nyingi zilijengwa zikiamini kwamba kipimo hicho hakitabadilika. Baadaye watengenezaji wa diski za sumaku walikubaliana kuhamia sekta za baiti 4096 katika diski mpya kuanzia Januari 2011, lakini ili kompyuta za zamani zisikwame, diski nyingi ziliendelea kujitangaza kuwa na sekta za baiti 512 ilhali ndani zilikuwa zikiandika baiti 4096 kwa mkupuo. Hapo ndipo tulipopata vipimo viwili: ukubwa wa kimantiki, ambao diski huutangaza kwa kompyuta, na ukubwa wa kimaumbile, ambao diski huutumia yenyewe. Diski za aina hiyo huitwa 512e, na zile zinazotangaza baiti 4096 waziwazi huitwa 4Kn.

Ndani ya SSD hakuna sekta kwa maana ya zamani. Kuna kurasa za chipu za kumbukumbu, ambazo kwa kawaida huwa na ukubwa wa kibaiti kadhaa (kibaiti kimoja ni baiti 1024), na kuna kontrola, yaani chipu inayoiendesha diski, inayotunza ramani ya kuonyesha kila anwani iliyoombwa na kompyuta imehifadhiwa katika ukurasa upi. Mara nyingi ramani hiyo hupangwa kwa vipande vya baiti 4096. Kompyuta ikiandika baiti 512 pekee, kontrola hulazimika kusoma kipande kizima, kubadilisha sehemu moja ya nane, na kukiandika chote mahali pengine. Kwa hiyo unapobadilisha ukubwa wa sekta kwenye SSD hugusi chipu hata kidogo. Unachobadilisha ni kipimo ambacho kontrola na kompyuta zitakitumia kuzungumza.

Je, inafaa?

Faida ipo, lakini haistahili kupigiwa chapuo kupita kiasi. Mifumo ya faili inayotumika sana katika Linux, kama ext4, XFS na Btrfs, tayari huandika kwa vipande vya baiti 4096 katika mipangilio yake ya kawaida, na patisheni zilizotengenezwa na zana za kisasa huanzia kwenye mpaka wa mebaiti moja (baiti 1,048,576), kwa hiyo hata diski inayojitangaza kuwa ya baiti 512 hupokea maombi yaliyonyooka kwa sehemu kubwa. Kinachobaki ni nafuu ya kontrola kuhesabu anwani chache zaidi, pamoja na hakikisho kwamba hakuna programu itakayoandika kipande kilicho chini ya baiti 4096 bila wewe kujua. Tofauti huonekana zaidi penye usimbaji fiche, hifadhidata na maandishi madogo madogo mengi. Kwa mtu anayefungua nyaraka na kivinjari, hataitambua.

Ushauri wangu, basi, ni huu: kama diski ni mpya na inatoa chaguo la baiti 4096, libadilishe, maana gharama yake ni dakika chache. Kama diski ina mfumo uliosakinishwa na unafanya kazi, usiuvunje kwa ajili ya jambo hili peke yake. Na kama kompyuta ni ya zamani na huwashwa kwa BIOS ya kale badala ya UEFI (zote mbili ni programu za ndani zinazoiwasha kompyuta), iache kabisa diski inayowashia mfumo, kwa kuwa BIOS hiyo hutegemea sekta za baiti 512.

Kuchunguza diski inasema nini

Anza kwa kuona vipimo ambavyo kerneli (kiini cha Linux) inavijua sasa:

`lsblk -d -o NAME,MODEL,SERIAL,SIZE,LOG-SEC,PHY-SEC`

Safu ya `LOG-SEC` ni ukubwa wa kimantiki na `PHY-SEC` ni ule wa kimaumbile. Usishangae SSD ikionyesha 512 katika safu zote mbili. SSD nyingi hutangaza 512 kotekote, na hilo halikuambii lolote kuhusu namna kontrola inavyofanya kazi ndani.

Kwa diski za NVMe (SSD zinazounganishwa na kompyuta kupitia njia ya PCIe), sakinisha zana ya `nvme-cli`, ambayo hupatikana kwa jina hilohilo katika Debian, Ubuntu, Fedora na Arch. Kisha endesha:

`sudo nvme list`

Orodha itakayotokea huonyesha modeli, namba ya utambulisho na, katika safu ya `Format`, ukubwa wa sekta unaotumika. Hapa inafaa kuyazoea majina: `nvme0` ni kontrola, `nvme0n1` ni eneo la kwanza la hifadhi lililo chini ya kontrola hiyo, na `nvme0n1p1` ni patisheni ya kwanza ndani ya eneo hilo. Diski nyingi za watumiaji wa kawaida zina eneo moja tu, lakini za seva zinaweza kuwa na kadhaa.

Sasa uliza diski inakubali vipimo gani:

`sudo nvme id-ns -H /dev/nvme0n1 | grep "LBA Format"`

Jibu la diski inayotoa chaguo mbili hufanana na hili:

```
LBA Format  0 : Metadata Size: 0   bytes - Data Size: 512 bytes - Relative Performance: 0x2 Good (in use)
LBA Format  1 : Metadata Size: 0   bytes - Data Size: 4096 bytes - Relative Performance: 0x1 Better
```

Usome mstari huo polepole, maana kila kitu unachohitaji kimo ndani yake. LBA ni anwani ya sekta, na namba inayofuata `LBA Format` ndiyo utakayoitaja katika amri ya kubadilisha. Usidhani kwamba 1 humaanisha baiti 4096 katika kila diski, kwa kuwa mpangilio huamuliwa na mtengenezaji. `Data Size` ni ukubwa wa sekta. `Metadata Size` ni baiti za ziada zinazofuatana na kila sekta kwa ajili ya kulinda usahihi wa data; diski za seva huweza kuorodhesha mistari yenye 8 au zaidi hapo, nawe chagua mstari wenye 0 isipokuwa unajua hasa unachokitafuta. `Relative Performance` ni tathmini ya mtengenezaji mwenyewe, ambapo 0 ni bora kabisa na 3 ni duni. Tathmini hiyo ni ya kulinganisha mistari ya diski hiyo moja tu, na wapo watengenezaji wanaoipa mistari yote alama ileile, kwa hiyo ichukulie kama dokezo. Maneno `in use` huonyesha kipimo kinachotumika sasa.

Ukiacha chaguo la `-H` utapata maandishi mafupi zaidi yenye `lbads:9` au `lbads:12`. Hayo ni vipeo vya mbili: 2 kwa kipeo cha 9 ni 512, na 2 kwa kipeo cha 12 ni 4096.

Ukiona mstari mmoja pekee wa baiti 512, safari yako imeishia hapo. Hakuna amri wala hila itakayoilazimisha diski ikubali kipimo ambacho programu dhibiti yake haina.

Jambo la mwisho la kuchunguza ni kama kontrola inaruhusu amri yenyewe:

`sudo nvme id-ctrl -H /dev/nvme0 | grep -i format`

Tafuta mstari unaosema kwamba `Format NVM` inakubaliwa. Katika matokeo hayohayo utaona pia kama amri hiyo hugusa eneo moja au maeneo yote ya kontrola. Kwa diski yenye maeneo kadhaa, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utapoteza data ulizokusudia kuzifuta au na za jirani zake pia.

Kwa nini data haziwezi kubaki

Watu huuliza kama kuna njia ya kubadilisha kipimo bila kufuta, na jibu ni hapana, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba amri ya NVMe inayobadilisha kipimo ndiyo ileile ya kufomati: ikishakamilika, kontrola hairuhusiwi kurudisha data zilizokuwapo. Ya pili ingebaki hata kama ya kwanza isingekuwapo. Jedwali la patisheni la GPT huweka kichwa chake katika sekta namba 1, yaani ya pili kutoka mwanzo. Sekta zikiwa za baiti 512, kichwa hicho kiko kwenye baiti ya 512. Zikiwa za baiti 4096, kinatafutwa kwenye baiti ya 4096. Kadhalika, mwanzo na mwisho wa kila patisheni huandikwa kwa namba za sekta, kwa hiyo patisheni iliyoandikwa kuwa inaanza sekta ya 2048 ilianza kwenye mebaiti ya kwanza, na kwa kipimo kipya ingeonekana kuanza kwenye mebaiti ya nane.

Hilo lina matokeo muhimu katika kuandaa nakala rudufu. Picha ya diski nzima iliyochukuliwa kwa `dd` kutoka kwenye diski ya baiti 512 haitasomeka ukiirudisha kwenye diski ya baiti 4096. Nakili faili zenyewe, kwa mfano kwa `rsync -aAXH`, au tumia zana ya mfumo wa faili husika, kama `btrfs send` au `xfsdump`. Picha ya patisheni moja moja inaweza kufaa kwa ext4 iliyotengenezwa kwa vipande vya baiti 4096, jambo unaloweza kulithibitisha kwa `sudo tune2fs -l /dev/nvme0n1p2 | grep "Block size"`. Haitafaa kwa patisheni ya FAT, wala kwa ext4 ya vipande vya baiti 1024 ambayo huweza kupatikana katika patisheni ndogo za zamani za `/boot`. Kwa XFS, angalia `xfs_info`: ikisema `sectsz=512`, mfumo huo wa faili hautakubali kupachikwa juu ya sekta za baiti 4096.

Ukishanakili, fungua faili kadhaa kutoka kwenye nakala hiyo kabla ya kuendelea. Nakala isiyowahi kufunguliwa ni dhana tu.

Kubadilisha

Huwezi kubadilisha diski ambayo mfumo unaoutumia umesimama juu yake. Iwapo ni diski ya mfumo, washa kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi. Kama ni kompyuta mpakato, iunganishe na chaja. Hakikisha hakuna patisheni ya diski hiyo iliyopachikwa, na kwamba hakuna eneo la kubadilishana kumbukumbu (swap), LVM au RAID (njia za kuunganisha diski au patisheni kadhaa) wala usimbaji fiche vilivyofunguliwa juu yake; baadhi ya mifumo ya flashi huviwasha vyenyewe bila kukuuliza. Amri ya `lsblk` itakuonyesha kilichobaki wazi.

Kisha angalia tena jina la diski ukilinganisha na namba ya utambulisho. Kompyuta yenye diski mbili za NVMe inaweza kubadilishana majina ya `nvme0` na `nvme1` kutoka kuwashwa hadi kuwashwa, kwa hiyo jina uliloliona jana kwenye mfumo wako si dhamana ya jina utakaloliona leo kwenye flashi. Majina yaliyo chini ya `/dev/disk/by-id/` hubeba modeli na namba ya utambulisho, na ni salama zaidi kuyategemea.

Sasa endesha amri, ukiweka namba ya mstari uliouchagua:

`sudo nvme format /dev/nvme0n1 --lbaf=1`

Zana itakuonya kwamba data huenda zikafutika moja kwa moja, na itakupa sekunde 10 za kubonyeza Ctrl na C ukighairi. Zitumie sekunde hizo kusoma jina la diski kwa mara ya mwisho. Usiongeze `--force` ili kuokoa muda. Zana ikikataa kwa kusema kuwa diski inatumika, rudi utafute kilichoachwa wazi. Anayelazimisha hapo anaweza kugundua baadaye kwamba diski aliyoitaja ilikuwa ya mfumo.

Anayependa kutaja ukubwa badala ya namba ya mstari anaweza kuandika `--block-size=4096` mahali pa `--lbaf=1`. Kuna pia chaguo la `--ses`, ambalo lisipotajwa huwa 0, yaani bila ufutaji wa kina. Thamani ya 1 huagiza kufutwa kwa data zote za mtumiaji, na 2 huagiza kuharibiwa kwa ufunguo wa usimbaji fiche wa diski inayoutumia. Kwa kubadilisha sekta tu, chaguo hilo si la lazima.

Ikifanikiwa, utaona:

`Success formatting namespace:1`

Huenda kerneli bado inakumbuka kipimo cha zamani. Kwa kawaida `sudo nvme reset /dev/nvme0` hutosha, na isipotosha, washa kompyuta upya. Thibitisha kwa:

`cat /sys/block/nvme0n1/queue/logical_block_size`

Jibu linapaswa kuwa 4096. Kwa uthibitisho wa pili, angalia idadi ya sekta katika `sudo fdisk -l /dev/nvme0n1`. Diski ya terabaiti moja yenye baiti 1,000,204,886,016 huwa na sekta 1,953,525,168 za baiti 512, na baada ya badiliko huwa na sekta 244,190,646, ambazo ni sehemu ya nane kamili. Nafasi ni ileile. Hakuna kilichoongezeka wala kupungua. Ila jihadhari na faili ya `/sys/block/nvme0n1/size`, pamoja na amri ya `blockdev --getsz`: hizo mbili huhesabu kwa vipande vya baiti 512 daima, hata diski iwe ya kipimo gani, na zimewahangaisha wengi walioamini kwamba badiliko halikufanyika.

Mambo yakikwama

Ujumbe unaosema kwamba umbo la LBA halikubaliwi maana yake umetaja namba ambayo diski haina, au umechagua mstari wenye baiti za ziada ambazo kontrola haizitaki. Ujumbe wa amri isiyotambulika humaanisha kwamba kontrola haina amri ya kufomati, au kwamba kuna kitu kati yako na diski kinachoizuia amri isipite. Katika baadhi ya kompyuta, UEFI huifunga diski dhidi ya amri za namna hii wakati wa kuwashwa. Kuilaza kompyuta kwa `systemctl suspend` na kuiamsha huweza kuiondoa kufuli hiyo, ingawa si kila mara.

Diski nyingine huchukua muda mrefu kuliko zana inavyosubiri, na hapo utapata ujumbe wa kuisha kwa muda. Usikate umeme. Ipe dakika kadhaa, kisha iulize tena kwa `nvme id-ns`. Mara nyingi utakuta kazi imekamilika. Kama ni lazima kurudia, chaguo la `--timeout` hupokea muda kwa milisekunde.

Kujenga upya

Tengeneza jedwali la GPT na patisheni ukitumia vipimo vya mebaiti badala ya namba za sekta, ili usilazimike kupiga hesabu:

```
sudo parted /dev/nvme0n1 mklabel gpt
sudo parted /dev/nvme0n1 mkpart ESP fat32 1MiB 1025MiB
sudo parted /dev/nvme0n1 set 1 esp on
sudo parted /dev/nvme0n1 mkpart mfumo ext4 1025MiB 100%
```

Aliyehifadhi jedwali lake la zamani kwa `sfdisk --dump` asilirudishe jinsi lilivyo. Faili hiyo ina mstari wa `sector-size: 512`, na namba zote zilizomo ni za kipimo hicho, zote zingehitaji kugawanywa kwa 8.

Patisheni ya kuwashia mfumo (ile iliyoitwa ESP hapo juu) ndiyo inayowashika watu bila kutarajia. FAT32 hutambuliwa kwa idadi ya vipande vyake, ambavyo havipaswi kupungua 65,525, na kipande hakiwezi kuwa kidogo kuliko sekta. Sekta ikiwa ya baiti 4096, kiwango cha chini huwa takriban mebaiti 256 za vipande peke yake, bila kuhesabu majedwali ya FAT. Patisheni ya mebaiti 100, ambayo ilitosha kabisa kwenye sekta za baiti 512, haitakidhi tena sharti hilo. Mebaiti 300 zinatosha; gibaiti moja, kama nilivyoweka hapo juu, inaacha nafasi ya kerneli kadhaa. Fomati kwa `sudo mkfs.fat -F 32 /dev/nvme0n1p1`, nayo zana itachukua ukubwa wa sekta kutoka kwenye diski yenyewe.

Kwa ext4, XFS na Btrfs hakuna la ziada: `mkfs` husoma kipimo cha diski na kujipanga.

Usimbaji fiche unastahili umakini zaidi, na pengine ndipo badiliko hili linapolipa vizuri. LUKS ndiyo namna ya kawaida ya kusimba diski katika Linux. Ya kizazi cha kwanza husimba kwa vipande vya baiti 512 pekee. LUKS2 inaweza kusimba kwa vipande vya baiti 4096, hivyo kichakataji huanzisha kazi ya kusimba mara moja mahali ambapo kingeianzisha mara nane. Kuanzia toleo la 2.4.0, `cryptsetup` hujichagulia kipimo kinachofaa, lakini hakuna ubaya kukitaja:

`sudo cryptsetup luksFormat --type luks2 --sector-size 4096 /dev/nvme0n1p2`

Kisha `sudo cryptsetup luksDump /dev/nvme0n1p2` itakuonyesha, chini ya maelezo ya sehemu ya data, mstari wa `sector: 4096 [bytes]`.

Watumiaji wa ZFS, mfumo wa faili unaosimamia diski wenyewe, waweke `-o ashift=12` (kipeo cha mbili cha ukubwa wa sekta) wanapounda hifadhi. Thamani hiyo hufungwa siku kundi la diski linapoundwa na haibadiliki tena, na diski ya sekta za baiti 4096 haitakubaliwa kuchukua nafasi ya nyingine katika kundi lenye `ashift=9`. LVM nayo kwa kawaida hukataa kuchanganya katika kundi moja diski zenye ukubwa tofauti wa sekta za kimantiki. Kuna mpangilio wa `allow_mixed_block_sizes` katika `lvm.conf` unaoruhusu mchanganyiko huo, lakini mfumo wa faili uliotandazwa juu ya diski za aina mbili unaweza kushindwa kupachikwa, kwa hiyo heri kuziweka diski zote kwenye kipimo kimoja.

Baada ya kurudisha faili, kumbuka kwamba utambulisho wa patisheni na wa mifumo ya faili umebadilika. Chukua mpya kwa `blkid`, rekebisha `/etc/fstab` na, kama upo usimbaji fiche, `/etc/crypttab`, kisha ingia katika mfumo huo kwa `chroot`, tengeneza upya initramfs (mfumo mdogo wa muda ambao kerneli huutumia kuanzia) na usakinishe upya kipakiaji cha mfumo. Ingizo la zamani la UEFI huelekeza kwenye patisheni isiyokuwapo tena. Amri ya `efibootmgr` itakuorodheshea maingizo yote nawe utaliondoa lisilofaa. Programu yoyote inayosoma diski moja kwa moja bila kupitia akiba ya kerneli, kama zilivyo baadhi ya hifadhidata na mashine pepe, nayo itatakiwa kupanga maombi yake kwa baiti 4096; ile iliyozoea 512 itarudishiwa kosa la hoja batili.

Diski za SATA, SAS na makasha ya USB

SATA na SAS ni njia nyingine za kuunganisha diski na kompyuta. SSD nyingi za SATA zina kipimo kimoja tu cha baiti 512. Ili kujua, endesha `sudo hdparm -I /dev/sda | grep -i "sector size"`. Diski inayoweza kubadilishwa huorodhesha vipimo inavyovikubali pembeni ya ukubwa wa kimantiki. Iwapo 4096 imo, amri ni:

`sudo hdparm --set-sector-size 4096 --please-destroy-my-drive /dev/sda`

Jina la chaguo hilo la pili ni onyo tosha, na waliolitunga hawakuwa wakifanya mzaha. Kwa diski za SAS hutumika `sg_format --format --size=4096 /dev/sda` kutoka katika pakiti ya `sg3_utils`, nayo inaweza kuchukua muda mrefu, kwa hiyo usiifunge terminali wala usizime mashine kabla haijamaliza.

Diski iliyo ndani ya kasha la USB ina mtego wake. Chipu iliyo kwenye kasha hutafsiri maombi ya USB kuwa ya NVMe au ya SATA, na nyingi hazipitishi amri ya kufomati hata kidogo; hamishia diski kwenye nafasi yake ndani ya kompyuta, ubadilishe, kisha uirudishe. Yapo pia makasha yanayojitangazia sekta za baiti 4096 kwa kompyuta ilhali diski iliyomo ina za 512. Yalibuniwa hivyo kwa ajili ya jedwali la zamani la patisheni la MBR, ambalo kwa sekta za baiti 512 haliwezi kuvuka tebibaiti 2. Diski iliyogawanywa patisheni ndani ya kasha la namna hiyo huonekana tupu ikifungwa moja kwa moja kwenye kompyuta. Kabla ya kuifomati kwa kudhani imeharibika, irudishe kwenye kasha lake, linganisha safu ya `LOG-SEC` katika hali zote mbili, na uhamishe faili zake ukiwa huko ndani ya kasha.